Hita, Kanga na Mama Mkwe

Hita ya gari langu niliifanyia mzaha muda mrefu kabla sijaihitaji. Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, limetumika huko kwao mpaka wakalichoka, likaja Mwanza miaka ile ya ruksa, magari ya mitumba yalipoanza kumiminika na sisi makarani wa jana tukageuka madereva teksi. Kwenye dashibodi kulikuwa na kitasa cha kuzungusha chenye alama ya bluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili. Abiria wakiniuliza ile nyekundu ni ya nini, niliwajibu ni ya kuchomea mahindi. Mji wetu una jua la kutosha, nani angelipa nauli ili apulizwe hewa ya moto?

Masika moja mke wangu alikuwa kwao, kijiji cha ukingoni mwa ziwa upande wa Magu, alikokwenda kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza. Siku zake zilikuwa bado. Asubuhi akaja kondakta wa basi na ujumbe wa muuguzi wa zahanati: mtoto amekuja kabla ya wakati, ni wa kike, yu hai, lakini ni mdogo mno hata kunyonya hawezi. Zahanati haina gari. Nije niwachukue niwafikishe hospitali kubwa ya mjini, na njiani mtoto asipigwe baridi hata kidogo, maana watoto wa namna ile baridi huwaua kabla ugonjwa haujawakuta.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na upepo wa ziwani unapenya mpaka kwenye mifupa. Nikawasha gari, nikazungusha kitasa mpaka kwenye nyekundu, nikaweka feni namba ya mwisho. Feni ikanguruma kweli kweli. Nikaweka kiganja kwenye tundu la hewa, nikapata pumzi ya mzee anayepoza chai. Nilikitukana kile chombo matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha nikaendesha gari moja kwa moja hadi Kirumba kwa fundi wangu.

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliposikia nataka hita alicheka mpaka akaegemea boneti. Nilipomweleza habari ya mtoto akafuta mikono, akaingia kazini. Kwanza alihakikisha mipira inayoleta maji ya moto kutoka kwenye injini ipo, kwa sababu mafundi wetu walikuwa na tabia ya kuikata na kuiziba, wakiiona ni mzigo tu. Ya kwangu ilikuwa salama, kwa uvivu wake, kama alivyokiri mwenyewe. Akahamisha hewa kutoka miguuni kwenda kwenye kioo, kisha usoni. Kote hewa ilikuwa dhaifu vile vile. Basi kama feni inazunguka na hewa haitoki popote, akasema, ama haiingii, ama inakwama kabla haijagawanyika.

Akafungua boneti na kung'oa kichujio cha plastiki chini ya waipa, pale gari linapovutia hewa ya nje. Tundu lilikuwa limeshindiliwa kipande cha mfuko wa saruji. Tukatazamana. Aliyeushindilia ni yeye. Magari yote ya ufukweni tuliyafanya hivyo siku yalipofika, kabla hata ya kuyaosha, kwa sababu wadudu wa ziwani wakinyanyuka kama moshi walikuwa wanaingia humo na kumwagikia abiria usoni, na ukipita soko la samaki la Mwaloni harufu ya dagaa ilikuwa inaingia na kukataa kushuka. Tulijiona wajanja sana.

Alipoutoa, hewa iliongezeka kidogo, ila si ya kumpasha mtu joto. Ikabidi tufungue kisanduku cha mbele ya abiria, tulale chali chini ya dashibodi, tuitoe feni yenyewe. Mapengo ya feni yalikuwa yamejaa wadudu wa ziwani waliokufa, wameshikana na vumbi wakawa tope kavu jeusi. Mfuko wa saruji haukuwazuia, ulikuwa umewapunguza tu. Nyuma yake, rejeta ndogo ya hita, inayopashwa na yale maji ya moto, ilikuwa imevaa vumbi kama blanketi. Fundi akaisugua kwa brashi ya kupakia rangi, mimi nikaipuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka mabega yakauma.

Chini kabisa ya kasha, fundi akaokota majani makavu. Hayakuwa ya mwembe wala ya mti wowote ninaoujua. Yalikuwa mekundu na yana ncha kama vidole, na moja halikuwa limevunjika popote. Yalikuwa yameingia huko lilikotoka gari, yakavuka bahari yote ile ndani ya feni. Nililiweka lile zima kiganjani. Nilimfikiria mtu wa huko nisiyemjua, kwenye baridi ambayo sijawahi kuiona, akikaa na kuwaza namna ya kumfanya mwenzake apate joto njiani. Ile akili niliyokuwa naifanyia mzaha sasa nilikuwa naiomba inisaidie. Niliona aibu na nikastaajabu kwa pamoja.

Tuliporudisha feni na kuwasha, hewa ilitoka kwa nguvu, ya moto, inanuka wadudu walioungua. Fundi alitaka kuendelea kuongea. Mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Zahanati nilimkuta mke wangu ana homa, hawezi kukaa. Tukamlaza kiti cha nyuma. Muuguzi akasema mtoto abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na kwa kuwa mama ana homa atabebwa na bibi. Na joto la gari lile lilikuwa linatoka mbele tu. Hapo wote tukasita. Kwa Wasukuma, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Tangu nioe, salamu zangu nilikuwa nazitoa kwa mbali nimeinamisha macho, na yeye akitaka kuniambia neno alimwambia binti yake, hata nikiwa nasikia. Sasa alitakiwa akae kando yangu, kifua wazi.

Yule mama hakubishana na mtu. Alifungua kanga yake moja, akachomeka pindo moja juu ya egemeo la kiti chake, upande wangu, jingine akalifunga kwenye kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, akaketi nyuma ya pazia lake na mjukuu. Sikuwahi kumwona mtoto. Nilisikia tu muuguzi, aliyekuwa anabaki zahanati, akisema dirishani, "Bado anapumua."

Nikaendesha. Barabara ilikuwa matope, waipa zinalalamika, jasho linanitiririka, na nyuma mke wangu alikuwa anauliza kila mara kama mtoto yupo. Mama yake alikuwa kimya, na mimi sikuwa na haki ya kumuuliza. Nilichobaki nacho ni ile kanga. Hewa ya moto ilikuwa inaijaza na kuivimbisha kuelekea kwangu, nami niliitazama kuliko nilivyoitazama barabara. Kila ilipolegea kidogo moyo ulinipasuka. Kila ilipovimba nilimshukuru Mungu, na Mjapani, na hata fundi.

Tulipokaribia mjini nikasikia sauti nyuma ya kanga, ikinisemesha mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mke wangu.

"Baba," alisema mama mkwe, "punguza moto. Mtoto anatoka jasho."

Kitasa kilikuwa kimefunikwa na kanga. Nikapitisha mkono chini yake, macho yangu mbele, nikipapasa. Mkono wake ulikuwa umeshafika hapo. Akauchukua wangu, mkono wa mkwe, akauvuta ndani na kuuweka juu ya kitu kidogo chenye unyevu na joto, kilichokuwa kinapanda na kushuka.

"Huyu hapa," akasema.

Nilisimamisha gari katikati ya barabara. Waliokuwa nyuma yangu wakapiga honi mpaka wakachoka.