Kidonge Alichokitapika Hamidu

Harufu ya mabibo yanayooza chini ya mikorosho hunirudisha mpaka leo kwenye msimu mmoja wa korosho. Msimu ule nilikuwa na miaka kumi, wa kwanza darasani, na kijijini kwetu Matambarale nilijiona sikosei. Mdogo wangu Hamidu, wa miaka miwili, alishikwa na homa. Zahanati walimtoboa kidole, kipimo kikaonyesha mistari miwili: malaria. Nesi akampa kidonge cha kwanza cha mseto palepale, akanikabidhi vitano vilivyobaki, vya kumpa asubuhi na jioni, kwa kuwa mama hakujua kusoma. "Akitapika kabla ya nusu saa, mpe kingine, halafu mje mchukue cha kufidia. Umesikia, daktari?" akanitania. Mama akacheka kwa fahari. Korosho zilikuwa zikidondoka na mvua imekaribia. Kesho yake akaenda shamba.

Nilichora miraba sita nyuma ya daftari la hisabati, mmoja kwa kila kidonge, wa kwanza nikautia vema kwa kile cha nesi. Asubuhi ile nikaponda kidonge, nikamnywesha kwa uji, nikaweka alama ya vema. Wino haujakauka, Hamidu akatapika vyote kwenye khanga yangu. Nilipaswa kumpa kingine. Lakini vidonge vingeisha kabla ya miraba, nami ningerudi kwa nesi kusema nimeshindwa. Nikafukia matapishi kwa mchanga. Jioni mama aliuliza, "Amekunywa?" Nikajibu, "Amekunywa, mama." Nikajiambia si uongo, kunywa alikunywa.

Siku ya nne, vema ya sita imeshakaa, homa ilipanda upya na Hamidu akakakamaa, macho yamegeuka. "Hilo degedege," bibi yetu akasema. "Msimpeleke hospitali, sindano itammaliza. Dawa si kamaliza?" Mama akanitazama. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mwenzangu. "Kimoja alikitapika," nikasema. Mama hakunipiga. Alimfunga Hamidu mgongoni, akapanda bodaboda kwenda Ruangwa.

Alipona. Daktari alisema huenda chanzo hata si kile kidonge. Sijamwamini. Hamidu sasa ananizidi kimo, hunicheka: "Dada, kidonge kimoja tu unanililia mpaka leo? Nikifa mzee utasema ni wewe!"

Siku hizi nina binti, naye hulala ndani ya chandarua. Akiandikiwa mseto, namnywesha, kisha nakaa naye nusu saa nzima, simu mbele yangu ikihesabu dakika, kalamu nimeiweka mbali. Lile daftari ninalo. Miraba sita, vema sita, mwandiko safi kabisa.