Panya wa Nyumba ya Babu

Wiki jana nilikuwa soko la Kibuye, Kisumu, nikipimiwa omena, wale dagaa wa ziwa letu, nikamsikia muuza dawa akipita na spika yake: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Sauti yenyewe imerekodiwa, kwa hiyo haichoki wala haina haya. Wanunuzi wenzangu hawakugeuza hata shingo. Mimi nilisimama pale na mfuko wazi mkononi mpaka mama wa omena akaniuliza kama naumwa. Sikuumwa, rafiki yangu. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi uwanda wa Kano, nje kidogo ya Ahero, kwa nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Dani.

Dani aliwajua panya kama mwalimu anavyowajua watoro. Ghala lake la mtama, lile la fito lenye kofia ya nyasi, lilisimama juu ya miguu aliyoivisha vipande vya bati ili panya wateleze. Nyasi zilizolizunguka tulizifyeka kila Jumamosi, tukiimba na kunung'unika. Mara moja moja alichoma pilipili kavu kwenye kigae na kupitisha moshi chini ya ghala, nasi tukapiga chafya hadi machozi. Mbegu, roho ya boma, hazikukaa ghalani. Zilikuwa masuke bora ya mtama, yaliyoning'inia juu ya meko yake hadi yakawa meusi kwa masizi. Panya hapendi moshi, alisema, na njaa haipendi mtu mvivu.

Kisha babu akafa. Nyumba yake ndogo karibu na zizi ikafungwa, na kwetu nyumba ya marehemu haibomolewi wala haikarabatiwi. Inaachwa ianguke yenyewe. Nyasi zikaota hadi mlangoni na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno, alikuja kuomba moto akatazama kule na kusema paka akiondoka panya hutawala. Dani hakucheka.

Jioni, tukiwa tumekaa na ugali wa mtama na omena, tulisikia vishindo mle ndani. Kitu kilikwaruza, kikaanguka, kikaburutika. Sisi watoto tulisogeleana. Dani alitulia, tonge mkononi, akasikiliza kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. "Mzee anatafuta ugoro wake," alisema. Alisema kwa utani, nasi tukacheka, lakini macho yake hayakucheka. Niliogopa ile nyumba kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na bado nilitamani isinyamaze, kwa sababu vishindo vyake vilimfurahisha Dani.

Baada ya kula alikata kipande cha ugali, akakiweka kwenye sahani ya babu ya bati, akaipeleka na kuisukuma chini ya mlango ule. Asubuhi sahani ilikuwa tupu, imelambwa ikang'aa. Alirudi nayo akitembea kama msichana.

Unaona ilipoelekea. Panya walizaana kwa chakula cha babu, na kipande kimoja kilipokuwa kidogo kwao wakalifuata ghala. Bati halikuwazuia tena. Walirukia juu kutoka paa la babu, wakapenya nyasi za kofia. Halafu wakaingia jikoni, na siku moja tukakuta masuke ya mbegu yametafunwa, makapi yamejaa kwenye jivu. Mbegu zilizobaki zingejaza kiganja kimoja au viwili. Na kwetu hakuna anayepanda kabla ya mama mwenye boma. Yeye hutangulia, ndipo wake za wanawe hufuata. Anayemtangulia huleta chira, laana inayokondesha watoto. Kama mbegu za Dani zingeisha, boma zima lingekaa mikono mitupu mvua ikinyesha.

Baba mdogo alileta dawa kutoka Ahero. Dani aliikataa. "Nimuwekee mzee sumu nyumbani kwake?" aliuliza. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa ziwa kila alasiri. Mwishowe mke wa baba mdogo alikuja na mtoto mgongoni, akaketi chini mbele yake. "Mama, mvua iko karibu. Sisi wote tunangoja wewe. Hawa watoto watakula nini?"

Dani alimgusa yule mtoto mguu. Kisha akaomba ile dawa. Aliichanganya mwenyewe kwenye ugali, akaupaka mchuzi wa omena ambao babu aliupenda, akautia katika sahani ileile. Alipoinama mlangoni nilimsikia. "Mzee, usinione mbaya. Ni watoto."

Asubuhi sahani ilikuwa tupu. Baba mdogo alizoa panya kwa koleo, akawafukia mbali, nyuma ya zizi. Jioni ile tulikula bila kusikia chochote. Dani alishika tonge lake, akasikiliza, akaendelea kusikiliza hadi mchuzi ukaganda. Alioga, akapanda mstari wa kwanza siku mvua ilipoanguka, na mtama wa mwaka ule ulikuwa mzuri.

Nyumba ya babu iliporomoka yenyewe msimu uliofuata. Leo ghala halipo, wala masuke juu ya meko. Tunanunua unga wa pakiti na hatumjui aliyepanda kwanza. Panya wachache waliobaki wanauawa kwa dawa ya yule wa spika. Hilo halinitoi machozi. Kinachonitoa machozi ni asubuhi moja baada ya kupanda, Dani alipokuwa ameosha ile sahani na kuiweka tena chini ya mlango usiku, na ugali safi. Nilimfuata kuichukua. Ugali ulikuwa palepale, umekauka kingo, bila alama ya jino lolote. Aliketi kizingitini, akaula wote, polepole, ukiwa baridi. Alipomaliza akaniambia, "Sasa amekufa."