Sanduku lisilohitaji mtu kuuliza

Saa moja asubuhi, Esperance Mbambu anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa bati, polepole, kama mtu anayepapasa ufizi wa mtoto akitafuta jino. Anapohisi ncha kali anasimama, anachukua koleo, anaukunja ukingo kwa ndani, kisha anaugonga kwa nyundo ya mbao mpaka ulale.

Nje ya kibanda chake, hapa Bwaise, mtaa wa Kampala, maji ya mvua ya usiku yamefurika kutoka mtaroni hadi kizingitini. Vijana wa boda boda wanaosukuma pikipiki zao ndani ya maji hayo wanamtania.

"Mama Sanduku, hilo jeneza la nani leo?" anauliza mmoja.

Esperance hainui kichwa. "La mwenye kuuliza," anamjibu.

Wenzake wanamcheka. Yeye anarudi kwenye ukingo wake.

Mama huyu wa watoto watatu, aliyekimbia vita mashariki mwa Kongo akiwa msichana, hutengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa shule za bweni. Shule zinapokaribia kufunguliwa huuza hata manne kwa siku. Miezi mingine hupita wiki nzima bila mteja, na watoto hulala kwa uji.

Lakini sanduku lililo mezani leo si la mwanafunzi. Litafungwa nyuma ya gari dogo kuukuu la mizigo, ambalo injini yake ya petroli iling'olewa na mahali pake pakawekwa mota ya umeme. Ndani yake zitakaa betri zenye jumla ya volti mia moja arobaini na nne.

"Umeme wa betri haukurushi," anasema. "Unakushika. Ukikushika, haukuachi."

Anajua anachosema. Mwaka juzi ulimshika mumewe.

Kuligeuza gari kuwa la umeme lilikuwa wazo la mumewe, Tresor Bisimwa. Alikuwa akibeba nalo mboga za watu hadi soko la Nakasero, na kila jioni petroli ilikuwa imekula jasho lake. Akashirikiana na rafiki yake Sylvanus Oyugi, Mkenya anayechomelea vyuma na kutengeneza nyaya za pikipiki jirani na hapo. Wakanunua betri zilizotolewa kwenye magari ya umeme yaliyogongwa, wakazipanga nyuma, wakazizungushia mbao za kreti ya nyanya. Hapakuwa na kifuniko. Bisimwa alimwambia mkewe kwamba sanduku la maana litakuja baadaye, gari likishatembea.

"Mimi ni fundi wa masanduku," anasema Esperance. "Nalala na mwanamume kitanda kimoja, na betri zake ziko ndani ya mbao za nyanya. Hakuniomba. Na mimi sikumlazimisha."

Siku ile gari lilikataa kusogea. Oyugi alikuwa mbele, akipima fyuzi bila kuitoa mahali pake. Bisimwa alikuwa nyuma, ameinama juu ya betri na spana mkononi. Gari la petroli likiwaka utalisikia linanguruma. Hili lilikuwa kimya, liwe na umeme au lisiwe nao.

Bisimwa akauliza, "Iko zima?"

Oyugi akajibu, "Iko zima."

Kampala, Kiswahili ni cha watu wote na si cha mtu yeyote. Mkongo, Mkenya na Mganda hukutana humo na kuelewana kwa nusu ya maneno. Bisimwa aliuliza kama umeme umezimwa. Oyugi alidhani anaulizwa juu ya fyuzi, naye akajibu kwamba ni nzima, haijaungua. Wote wawili walisema kweli. Bisimwa akashusha spana.

Alifariki njiani, kabla ya kufika hospitali.

Tangu siku ile neno hilo la "zima" halitamkwi kibandani. Kitu kikiharibika, kimeharibika; kikiwa sawa, kiko sawa. Umeme ukikatwa, husemwa umekatwa. Hata majirani kutoka Kongo wakimsalimu kwa desturi ya kwao, "Uko muzima?", Esperance hujibu tu kwamba anamshukuru Mungu. Hawezi kulitoa neno lile lenyewe mdomoni.

Ndugu wa mumewe walimshauri auze gari kama chuma chakavu. Mnunuzi alikuja, naye Esperance akamuuliza atafanya nini na betri. Mnunuzi akasema atazitumia hivyo hivyo, mbao zipo. Esperance akamrudisha na toroli lake. Usiku ule alisali mpaka magoti yakafa ganzi, na asubuhi akamwita Oyugi, ambaye tangu mazishi alikuwa akipita njia ya nyuma ili wasionane.

Oyugi anakumbuka kwamba hakupewa hata kigoda. "Shemeji aliniambia neno moja tu," anasema huku akitazama mikono yake. "Aliniambia, 'Mimi najua bati, wewe unajua umeme. Tengeneza nami sanduku ambalo hata bubu na kiziwi wanaweza kulifungua pamoja, na wote warudi nyumbani.'"

Wamelitengeneza kwa miezi saba. Ndani limefunikwa kwa plastiki ngumu, ili betri isiguse chuma. Kifuniko kinashuka chini ya ukingo kama cha sanduku la shule, chenye mpira wa tyubu, kwa sababu maji ya Bwaise hayabishi hodi. Kingo zote zimekunjwa. Zamani alizikunja zisikate vidole vya mtoto. Sasa anazikunja zisichubue waya.

Moyo wa kazi hiyo ni plagi nene ya rangi ya machungwa, iliyokaa juu kabisa ya boliti ya kifuniko. Haiwezekani kuifikia boliti bila kung'oa plagi. Na plagi iking'olewa, mnyororo wa betri unakatika katikati. Nusu hii haijui tena nusu ile. Anayefungua sanduku huitia plagi mfukoni mwake. Haulizi mtu, wala hajibiwi.

Leo wanalijaribu. Esperance anafumba macho kwa muda, midomo ikicheza. Kisha anang'oa plagi, anaitumbukiza kwenye mfuko wa aproni na kuubana kwa kiganja. Oyugi anavaa glavu za mpira na kugusa miisho miwili ya mnyororo wa betri kwa ncha za kipimio, kisha kila mwisho na mwili wa gari. Sindano haitikisiki. Anamgeuzia Esperance kipimio ajionee mwenyewe.

Esperance anainama, anaisoma sifuri.

Gari likikubali barabara, anataka kurudia kazi ya mumewe ya kubeba mboga hadi Nakasero, pamoja na masanduku anayotengeneza. Oyugi ataendesha. Mafundi wawili wengine wa mtaani wanaogeuza magari yatumie umeme wameshamwomba Esperance awatengenezee sanduku kama hilo, naye amekubali kwa sharti kwamba wasianze na mbao.

Lakini tumaini lake lenyewe ni dogo kuliko hayo, na analisema akiwa amekwisha kuokota nyundo.

"Nataka siku moja mtu anisalimu, nimjibu kama watu wengine," anasema. "Anaponiuliza kama niko..." Kiganja bado kimebana mfuko wa aproni.

"Bado," anasema. "Lakini sanduku liko sawa."