Kifua Kilichokataa Kutulia

Abdunoor alikuwa muuza vipuri wa mtaa wa Kisenyi, Mnubi mwenye sauti ya kushinda nyundo za gereji zote zilizomzunguka. Madaktari walipomwambia ana saratani ya pafu, aliuliza jambo moja tu: matibabu yanaanza lini.

Alidhani kazi yake ingekuwa kulala na kuiachia mashine ya mionzi. Concy, binti wa Kiacholi aliyeiendesha, ndiye aliyemweleza kwamba uvimbe ule haukai mahali pamoja. Akivuta pumzi unashuka, akiitoa unapanda, na mionzi ikiukosa inaunguza nyama isiyo na ugonjwa. Kwa hiyo avute pumzi, aishike, na mashine ipige wakati huo tu.

Siku ya kwanza kikohozi kilimshinda. Kila aliposhika pumzi kifua kilimwasha, akakohoa, na mionzi ikakatika. Mwishowe Concy akaingia, akamwinua taratibu. Kulikuwa na njia nyingine, alisema, ya kumbana tumbo kwa mkanda ili apumue juu juu, ila eneo la kuunguzwa lingekuwa kubwa zaidi.

"Musawo, mkanda uweke kando kwanza," Abdunoor alisema, akimwita daktari kama wagonjwa wote walivyozoea. "Nipe wiki moja nikifunze kifua hiki adabu."

Akaenda kufanya mazoezi dukani. Wateja walimkuta ameketi kati ya rejeta kuukuu za magari, macho yameganda ukutani, hajibu salamu. Mmoja akamlalamikia mkewe, Sumayiya, kwamba mzee siku hizi ana maringo. Sumayiya hakucheka. Jioni alikaa naye mkekani, kiganja juu ya tumbo la mumewe, akimwambia asivute kwa mabega, pumzi aishushe chini polepole. Kikohozi kilipokuja walikingoja kipite, wakaanza upya. Siku moja Abdunoor alirusha mto ukutani kwa hasira, kisha akaufuata mwenyewe, akalala chali tena.

Aliporudi hospitalini, sauti ya Concy ilitoka kwenye spika: "Vuta, mzee. Shika."

Akashika. Kifua kiliwasha, machozi yakamchirizika hadi masikioni, lakini hakikutikisika. Mashine ikavuma mpaka ikamaliza.

Ziko siku nyingine alizoshindwa, akarudi kesho yake. Matibabu yalipokwisha, picha zilionyesha uvimbe umesinyaa sana, ingawa haujatoweka. Daktari akasema wataendelea kuuchunguza. Nje, Sumayiya alimuuliza anajisikiaje.

"Nina njaa," akasema, na wakateremka hadi mtaa wa Wandegeya kutafuta chakula.