Nyuma ya Bi Toyono

Bibi yangu Kinuyo anaishi peke yake kwenye nyumba ya juu kabisa kijijini, ambapo ukitoka tu mlangoni umeshaanza mteremko. Amevuka themanini. Analima figili, anapasua kuni, na akinikuta nimekaa bure ananiuliza kama nimegandishwa na gundi. Mimi na mama tunakaa chini darajani. Nikitoka shule napanda kwake kula.

Mwaka jana, majani yalipoanza kuwa mekundu, Mjomba Masanori alipiga simu kutoka jijini Osaka. Alitaka Bibi ahamie kwake, ghorofani, kabla ya theluji.

"Mama, ukianguka huko nani atakusikia?"

"Wewe ulipojifunza kutembea ulianguka kutwa. Nilikuhamishia Osaka?"

Walivutana weee, mpaka Bibi akaweka ahadi. Chuo kikuu kilikuwa kimeanza utafiti kijijini kwetu, kujua kwa nini wazee wengine wanadhoofika mapema na wengine wanaendelea kujitegemea, na yeye alishajiandikisha. "Wakisema miguu yangu imechoka, nakuja." Mjomba alikubali haraka mno, hata sikupenda.

Mtafiti alikuwa dada mmoja, Kuwabara. Wazee walimwita mwalimu. Huo ndio ulikuwa mradi wake wa kwanza, amepewa fedha kidogo za kuanzia tu. Kikionekana kitu cha maana, ndipo angepewa za utafiti mkubwa. Alibandika utepe kwenye sakafu ya ukumbi wa kijiji, mwanzo na mwisho, apime kasi ya mwendo wao. Wazee wakaja wamevaa kama wanaenda harusini.

"Tembeeni kama mnavyotembea kila siku," akasema, akawaanzisha wote pamoja ili kuokoa muda.

Kila siku! Kijijini kwetu hakuna anayempita Bi Toyono, mkubwa wa wote. Iwe hekaluni, iwe mazikoni, yeye mbele, wengine nyuma kwa umri. Basi Bi Toyono akaenda kama aliyebeba trei ya mayai, na wenzake nyuma yake, taratibu, wameinamisha vichwa. Bibi alikuwa wa mwisho kwa sababu ndiye mdogo wao.

Mwalimu akatazama saa yake, uso ukamshuka. "Jamani," akanong'ona, "wote wamedhoofika."

Bibi alisikia. Akafunga mkoba wake polepole. "Hivi Osaka wana mahali pa kupanda figili?" akaniuliza.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini utamwambiaje mgeni, mbele ya Bi Toyono mwenyewe, kwamba yeye ndiye aliyewachelewesha wote? 

Hapo ndipo tuliposikia muziki wa gari la duka. Linapita Alhamisi tu, na tofu ya kukaanga, vile vipande laini vya soya, inaisha kufumba na kufumbua.

Ukumbi ulibaki mtupu! Bibi alimpita mmoja mlangoni, mwingine kwenye ngazi. Ila mbele yao wote, kimono imeshikwa juu ya magoti, alikuwa Bi Toyono. "Mbili zangu! Usiguse, mbili zangu!"

Mwalimu alifika gari likiwa limeshazungukwa, anahema. "Bi Toyono! Mbona kule ndani ulienda polepole vile?"

"Nawaonea huruma hawa watoto," akasema Bi Toyono. "Kila nikigeuka naona wanajikokota. Nikitembea mwendo wangu si nitawaaibisha mbele ya mgeni?"

"Sisi?" Bibi akang'aka. "Dada, miaka yote hii tunakungoja wewe!"

Mwenye gari alibaki na tofu mkononi. Bi Toyono alimtazama Bibi, akawatazama wengine, halafu akacheka mpaka akashikilia mlango wa gari, na wote wakaangua naye.

Mwalimu aliwapima upya, mmoja mmoja, wengine wakingoja nje na tofu zao. Bibi alifika kwenye utepe wa mwisho, akapitiliza, akagonga ukuta.

"Mwalimu, nirudi tena?"

"Hapana, Bibi," mwalimu akasema, anafuta machozi ya kicheko. "Wewe rudi nyumbani kwako."

Aliyehama kabla ya theluji hakuwepo. Aliyekuja ni Mjomba, kuhakikisha kwa macho yake. Alipanda mlima wetu, akakaa njiani kwenye jiwe, akapanda tena, akakaa tena. Bibi alisimama mlangoni na figili mkononi.

"Masanori! Nije nikushike mkono, mwanangu?"