Dereva wa Kapolowe Aliyependa Kusimuliwa Njia

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya ualimu, kwenye shule ya misheni ya Kapolowe. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na sikuwa nimewahi kukaa mbali na mama yangu, ambaye tuliishi naye wawili tu huko Kikula, mjini Likasi, tangu baba yangu alipofariki. Ilikuwa enzi ya Zaire. Tulikuwa tumeshazoea kuitana sitwayeni, yaani raia, na majina yetu ya ubatizo tuliyaacha mlangoni pa kanisa tulipotoka.

Nilifundisha Jumatatu hadi Jumamosi asubuhi, kisha nikarudi nyumbani kufua na kumwona mama. Jumapili, misa ikiisha, ilinibidi niondoke tena. Magari ya abiria yalikuwa machache na hayakuwa na uhakika, kwa hiyo watu walisafiri kwa malori yaliyokwenda kuchukua samaki wakavu na mahindi. Yalikusanyika karibu na soko. Sijui kama kuna mahali pengine yalipokusanyika malori makuukuu kiasi kile. Kulikuwa na moja lililosemekana lilibeba askari katika vita vya Wazungu, na jingine lililokuwa la kiwanda cha Shituru kabla ya kutupwa, ambalo vyuma vyake vilikuwa vimeliwa na asidi hata ukiligusa unabaki na unga wa kahawia mkononi. Madereva wake walivaa leso nyeupe shingoni. Waliyasifu malori yao na kuyalalamikia kama mtu anavyomsema mkwewe, kwa adabu lakini bila kuficha.

Mama ndiye aliyenichagulia dereva. Alizunguka sokoni pale akiuliza wanawake wenye mizigo, halafu akarudi akanishika mkono.

"Yule mwenye kamio ya pua murefu," aliniambia. "Hanywe pombe. Na alikuwa anasoma somo kanisani. Utaikala mbele, na yeye na bibi yake banakubali."

Lori lenyewe, ambalo kwetu tunaliita kamio, lilikuwa na milango ya mbao iliyopigiliwa bati. Kioo cha mbele kiligawanyika katikati, na kila nusu ilisukumwa nje ikafunguka, kwa hiyo upepo uliingia mpaka usoni. Rangi yake ya kijani ilikuwa imefifia ikafanana na mawe ya shaba ambayo watoto wa Likasi huyaokota milimani. Halikuwashwa kwa ufunguo. Ulichomekwa mbele yake mkono wa chuma uliopindwa mara mbili, manivela, na dereva akauzungusha kwa nguvu zake zote mpaka injini ikohoe na kushika.

Dereva alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mrefu, mwenye sauti ya chini. Zamani aliendesha magari ya kampuni, akapeleka saruji na vyuma hadi Mwadingusha, kwenye bwawa la umeme. Mke wake aliuza samaki. Safari nyingi alikaa juu ya mizigo pamoja na abiria wengine, amefunga kichwa kitambaa chekundu.

Jumapili ya kwanza hatukuongea mpaka tulipoacha nyumba za mwisho za mji. Hapo akaniuliza, bila kugeuza kichwa:

"Mwalimu, weye uko naona nini?"

Nilidhani amesikia nikinung'unika. "Sioni kitu, Baba. Naona paka miti tu."

"Miti ya namuna gani?"

Nikamwambia. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, na kabla ya mvua misitu yetu hutoa majani mapya mekundu, kana kwamba mwaka unaanzia mwisho. Nilimwambia yale mekundu, na yale ya rangi ya shaba iliyosuguliwa, na mti mmoja uliokuwa bado mtupu katikati ya mingine. Nilimwambia vichuguu, kimoja kikubwa kama nyumba, na mbuzi aliyesimama juu yake. Aliendesha polepole na kutikisa kichwa. Nilipotaja mbuzi alicheka.

"Sema tena," alisema. "Minye napenda kusikia."

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kila Jumapili nilimsimulia njia. Nilimwambia nguzo za umeme zinazotoka Mwadingusha zilivyopanda kilima na kupotea kwenye ukungu. Nilimwambia wanawake wenye vikapu, na rangi za vitenge vyao, na waendesha baiskeli, ambazo kwetu tunaziita kinga, waliobeba magunia ya makaa marefu kuliko wao. Naye alinijibu kwa mambo ya zamani: hapa palikuwa na kambi ya watengeneza barabara, pale simba aliwahi kulala katikati ya njia mchana kutwa na malori yote yakamngojea. Injini iliunguruma kwa sauti moja, kiti kilichojazwa majani makavu kilinibembeleza, harufu ya samaki na dizeli nikaizoea. Kuna Jumapili nilizofika Kapolowe bila kujua kama niliyoyasema niliyaona kweli au niliyaota. Katikati ya wiki nilijikuta nikitafuta maneno ya kumpelekea. Nikawa nawatoa wanafunzi wangu nje, nikawaambia waangalie kilima dakika kumi kabla ya kuandika mstari mmoja.

Sasa nikikumbuka naona kwamba mambo yote yalikuwa wazi mbele yangu. Maji ya rejeta aliyamwaga pembeni, kisha akapapasa mdomo wa rejeta kwa kidole. Mtu akimsalimu kwa mkono tu, bila sauti, hakuitika. Siku moja kwenye kizuizi askari aliomba karatasi za gari, naye akampa karatasi ya nyimbo za kanisani. Askari walicheka, wakadhani hajui kusoma. Yeye pia alicheka, akampa ile nyingine. Mimi nilijua anajua kusoma, mama aliniambia. Lakini nilikuwa msichana niliyesikilizwa kwa mara ya kwanza na mtu mzima, na sikutaka kuuliza kwa nini.

Halafu ikaja Jumapili moja ya mwanzo wa mvua. Nilikuwa nimetoka kuugua malaria na mwili ulikuwa bado mwepesi. Mke wake hakuwa nasi, alibaki mjini kumuuguza dada yake. Tulitoka barabara kuu, tukaingia njia ya udongo ya kwenda misheni, na nakumbuka nikimwambia kwamba mawingu yamesimama upande wa ziwa. Baada ya hapo nilisinzia.

Kilichoniamsha ni nyasi. Zilikuwa zinapita kwenye mlango wangu, ndefu, zikisugua bati, na mimi katika usingizi nikaona ni jambo zuri. Kisha nikasikia watu wakigonga paa la chumba chetu kwa viganja. Tulikuwa tumeacha njia. Lori lilikuwa linakwenda taratibu kati ya miti, mwendo wa mtu anayetembea, kama mnyama aliyekwenda kutafuta malisho. Dereva alikanyaga breki. Tukasimama hatua mbili tu kabla ya kichuguu.

Injini ilizimika. Akageuka upande wangu, akaniangalia pasipo kufika machoni.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "juu ya nini ulinyamaza?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Abiria walikuwa wanashuka. Hakuna aliyeumia. Mwanaume mmoja mwenye gunia la chumvi alikuja mlangoni kuuliza kumetokea nini.

"Kulikuwa muntu wa kinga," dereva alimjibu. "Nilimuepuka."

Yule mwanaume akanitazama mimi. Ningeweza kusema. Nilisema, "Ndiyo, kulikuwa mtu wa kinga." Mama mmoja akamshika dereva mikono yote miwili akamshukuru kwa kuokoa roho ya mtu, akampa mahindi ya kuchemsha, naye akayapokea. Mpaka leo uongo ule sijawahi kuusahihisha kwa yeyote kati ya watu wale, na baadhi yao niliishi nao kijiji kimoja.

Tulilisukuma lori mpaka njiani. Zilibaki kama kilomita tatu. Nilikaa mbele kidogo ya kiti na kusema bila kupumzika: kushoto, kushoto zaidi, kuna shimo, kuna mama na mtoto, ngoja apite, sasa nyoosha. Haukuwa tena usimulizi. Yeye alifuata kila neno langu bila kubisha.

Tulipofika na watu wakatawanyika, nilibaki naye.

"Tangu lini, Baba?"

"Iko mvua tatu," alisema. "Ilianza kama moshi. Munganga wa Likasi alisema hakuna dawa. Lakini njia naijua, mwalimu. Naisikia mu magurudumu, hapa mawe, hapa muchanga, hapa daraja. Njia naijua. Bantu njo siko naona."

Watu ndio hakuwaona. Nilimwambia akapumzike, akaenda kulala kwa jamaa zake karibu na misheni.

Kesho yake alitakiwa kurudi Likasi na samaki. Nililala nikijigeuza, na kulipopambazuka nilikwenda kwenye lori. Alikuwa ameshafika, amevaa leso yake, anafuta pua ya lori kwa kitambaa. Wachukuzi walikuwa hawajaja. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, kwamba nitamwambia padri, kwamba nitawaambia abiria. Hayakutoka.

"Baba," nilisema, "wale watoto wanaokuja shule asubuhi wanapita kwenye njia hii. Mimi ndiye ninayewaita majina kila siku."

Aliendelea kufuta. Kisha akaniuliza, "Beko bangapi?"

"Arobaini na wawili."

Akaenda mbele ya lori, akainama, akapapasa, akaichomoa manivela. Akaishika kidogo, kisha akaninyooshea.

"Kamata. Ikiwa kwangu, nitawasha."

Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Niliibeba mpaka darasani nimeifunga kwenye kanga, nikaiweka chini ya meza yangu, na siku nzima nilifundisha hesabu huku mguu wangu ukiigusa.

Siku ya tatu mke wa dereva alifika kwa lori la mtu mwingine. Aliniletea samaki wawili waliofungwa kwa majani. Aliketi kwenye kitanda changu maana kiti kilikuwa kimoja, akavua kitambaa chake chekundu na kukikunja magotini. Nilingoja anilaumu.

"Nilijua," alisema. "Kule juu, mimi sikuwa naangalia mizigo. Nilikuwa naangalia njia. Kama kunatokea kintu, nilikuwa tayari kugonga."

"Kwa nini hukumwambia aache, Mama?"

"Nilimwambia ndani ya roho. Mu kinywa nilishindwa. Ile kamio, bwana yangu aliinunua mwaka tulizika mutoto wetu wa mwisho. Ilimuamusha." Alikikunjua kitambaa. "Weye ulimwambia namna gani?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitambaa chake, akaomba manivela. Nilimpa.

Kwa muda wa mwezi lile lori lilisimama nyuma ya karakana ya misheni. Kisha akapatikana dereva, rafiki wa mzee tangu siku za kampuni, mtu mfupi mkimya aliyekuwa amestaafu na kuchoka kukaa nyumbani. Safari zikaanza tena. Mzee alihamia upande wa abiria, dirishani, na mimi nilikaa katikati yao. Nilidhani hatanisemesha. Tulipotoka mjini aliweka mkono nje, akahisi upepo, akasema:

"Sasa tunakaribia muti mukubwa wa mukono wa kuume."

"Ulikatwa, Baba. Waliufanya makaa."

"Lini?"

"Kabla sijaanza kazi. Sijawahi kuuona."

Akarudisha mkono ndani. "Basi acha minye nikuambie ulikuwa namna gani."

Tukasafiri hivyo miaka miwili, yeye akitaja njia aliyoijua na mimi nikitaja niliyoiona, na mara nyingi hazikulingana. Yule dereva mfupi hakuingilia, isipokuwa mara moja aliposema kwamba simba yule wa zamani alikuwa jike. Walibishana mpaka Kapolowe.

Halafu nikahamishiwa shule ya Likasi, nikaolewa. Vipuri vya lori havikupatikana tena, na mafuta yakawa ya kutafuta kwa siku nyingi. Likaingizwa uani kwa mzee, chini ya mpapai, na mke wake akaacha maboga yatambae juu ya magurudumu. Malori mengine ya sokoni pale yalipotea moja moja namna hiyo. Yapo yaliyouzwa vipande vipande, na yapo niliyoyaona mwaka baada ya mwaka kando ya njia, miti ikiota katikati ya vyuma, mpaka macho yakaacha kuyahesabu kuwa malori.

Nilimtembelea mzee mara kadhaa. Mara ya mwisho ninayoikumbuka vizuri nilikwenda na binti yangu mgongoni, alasiri ya kiangazi, Likasi yote ikinuka moshi wa nyasi zinazoungua milimani. Mke wake alinionyesha kwa kidevu. Mumewe alikuwa ndani ya lori, kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mikono mapajani, amelala.

"Muache," mke wake alisema. "Iko mbali."

Nikapanda upande wa pili, nikamlaza mtoto kwenye kiti kati yetu. Bati lilikuwa na joto la jua. Vioo vilikuwa vimeshika vumbi hata huwezi kuona nje, na kwenye vumbi lile mwanga ulikaa wa rangi ya asali. Sikumbuki nilikaa muda gani. Alipoamka hakushtuka. Aliigusa miguu ya mtoto, akaipima kwa vidole kama mtu anayenunua kitu laini, akaniuliza kama nimekula. Nilisema bado. Akamwita mke wake asonge bukari, ugali wetu, ya kutosha watu watatu.