Mama Pedeli karudi, mizigo haijashuka

Saa mbili asubuhi uzi umeshamkatikia mara tatu, na gauni lililo chini ya sindano bado halijapata hata mkono mmoja. Mama Pedeli anaondoa miguu kwenye pedeli ya cherehani, anaitazama kama mzazi anavyotazama watoto waliomwaibisha mbele ya wageni, kisha anacheka peke yake.

"Miguu hii imeharibika," anasema huku akilamba ncha ya uzi ili uingie tunduni. "Nikiiambia ikanyage pole pole, inadhani tunapanda mlima."

Chumba chake cha kazi kinatazama barabara. Kuna meza ya kukatia, pasi, kamba iliyojaa nguo zinazosubiri wenyewe, na pazia la kubadilishia. Pembeni, karibu na mlango ili asipitwe na mtu, ameketi muuza vifungo, zipu na nyuzi, shoga yake wa miaka mingi. Huyu mama habari za mtaa huzipata kabla wenye habari hawajazijua.

"Juzi alikuwa anapiga pindo la pazia," anasimulia muuza vifungo. "Likapitiliza, likaenda kushonana na shati la mteja mwingine. Nikamwambia, shoga, breki."

Jina la Mama Pedeli ni la zamani. Alilipata pale mafundi wote walipohamia cherehani za umeme, yeye akabaki na ya miguu. Halafu mwaka jana, akiwa na miaka hamsini na minne, alipanda baiskeli akaondoka peke yake, akarudi baada ya miezi saba. Watu wakaona jina lilikuwa linamsubiri muda wote huo.

Kurudi ndiko kulikozua maneno. Baiskeli iliegeshwa ukumbini kwake ikiwa na mifuko yake minne, imefungwa vile vile kama ilivyotoka njiani. Wiki ya kwanza watu walisema amechoka. Wiki ya tatu walianza kupita pale mlangoni bila shughuli.

"Mtu aliyerudi hufungua mizigo," anasema muuza vifungo. "Asiyefungua huyo kapita kusalimia. Mimi sikumsema shoga yangu, lakini nilihesabu mifuko kila nilipokwenda kuomba maji."

Mumewe, ambaye bado anaitwa Dereva ingawa amestaafu, aliendesha malori ya masafa marefu kwa zaidi ya miaka thelathini. Ndiyo kusema kwa zaidi ya miaka thelathini Mama Pedeli alikuwa mtu wa kuagwa. Alimshonea suruali zenye mfuko wa siri kiunoni kwa ajili ya pesa za njiani, akasimama mlangoni mpaka vumbi likatulia, akarudi kwenye cherehani.

"Nimeshona nguo za safari za watu wote," anasema. "Wanaokwenda masomoni, wanaokwenda kuolewa, wanaokwenda kutibiwa. Safari yangu mimi ilikuwa sokoni, tena kwa mguu."

Baiskeli alijifunza ukubwani, ili apeleke nguo kwa wateja. Mwanawe wa mwisho alipopata kazi akahama, mama akaanza kuchelewa kurudi. Gauni la mteja wa mtaa wa pili likawa linachukua jioni nzima kufika.

Dereva alijua kuna jambo siku alipokuta turubali la lori lake la zamani, alilolitunza kama mtu anavyotunza cheti, limekatwa vipande. Mkewe alikuwa ameligeuza mifuko minne ya kuning'iniza kwenye baiskeli, yenye vifuniko na vishikizo vya chuma.

"Nilitaka kugomba," anasema Dereva. "Nikautazama ule mshono. Umepigwa mara mbili, pembe zote zina kiraka. Nikajua huyu haniombi ruhusa, huyu ananiaga. Nikamwuliza tu, unakwenda wapi? Akasema, nataka kuziona barabara zako."

Akaenda kuziona. Dereva alibaki nyumbani, na kila jioni alimpigia simu kumwelekeza: mji gani una nyumba ya wageni yenye maji, kona gani malori huikata bila adabu, mahali gani mama lishe hapunji. Kwa njia hiyo Mama Pedeli alisafiri peke yake huku mumewe akiwa sikioni.

"Ila kuhusu milima alinidanganya," anasema. "Aliponiambia ni tambarare, nilishuka nikasukuma baiskeli tangu chai mpaka chakula cha mchana."

"Ndani ya lori palikuwa tambarare," Dereva anajitetea. "Habari za mlima alizijua injini. Mimi nilikuwa nasikiliza redio."

Njiani aliishi kwa sindano. Alipolala kwa watu, aliwashonea magunia, akawarudishia vifungo, akapunguza sare za watoto. Familia moja ilimpa mashuka ya nyumba nzima, na alipomaliza ikamtafutia chumba ili asiondoke tena. Si kila siku ilikuwa njema. Kuna wiki aliyolala na homa kwenye chumba cha kukodi, akitetemeka mpaka kitanda kikapiga kelele. Simu ilipoita alikohoa pembeni kwanza, kisha akapokea.

"Nilimwambia niko vizuri, nimekaa tu kufua. Yeye akaniambia yuko vizuri, anakula vizuri. Basi tukalala."

Siku aliyorudi nyumba ilijaa mpaka watu wakakalia ndoo. Kila mmoja alitaka kuonyeshwa makovu, kugusa tairi, kuambiwa kama kweli alilala porini. Wageni walikuja kwa zamu hadi viti vya jirani vikasahau kwao. Halafu siku moja wakaisha, mlango ukafungwa, wakabaki wawili wakitazamana.

Hapo ndipo Mama Pedeli alipogundua kwamba nyumba imejifunza kuishi bila yeye. Sukari ilikuwa kwenye kopo la majani, majani yalikuwa kwenye jagi, na sufuria zilipangwa kama matairi ya akiba, kubwa chini, ndogo juu.

"Nilimwuliza mume wangu chumvi iko wapi, jikoni kwangu mwenyewe," anasema. "Akaniletea kwa heshima kabisa, kama mtu aliyetembelewa na mkwe."

Kitanda nacho kilimkataa. Alikwisha kuzoea kulala chini, akawa anatandika mkeka sakafuni, na Dereva akabaki juu, pembezoni kabisa mwa kitanda, upande wake ule ule, kana kwamba lile pengo lina mwenyewe.

Kuhusu mifuko ile minne Dereva hakuuliza neno. Alipokwenda chooni aliikwepa, alipofagia aliizunguka.

"Mimi nimeondoka mara ngapi bila yeye kuniuliza nitarudi lini?" anasema. "Ningemwuliza kwa mdomo gani?"

Na kweli kulikuwa na la kuuliza. Mama Pedeli halifichi tena. "Nilirudi kusalimia," anasema. "Barabara ilishaniingia miguuni. Nilisema nipumzike, niwashonee wale walionisubiri, kisha niondoke tena. Karibu nusu ya wateja wangu walishahamia kwa mafundi wengine, nikaona hakuna kinachonishika. Jambo moja tu lilinishinda, kumwambia mwenye nyumba."

Kwa kuwa mdomo ulikataa, akaamua kusema kwa mkono. Zamani aliyeondoka ndiye aliyeshonewa suruali. Safari hii angemshonea anayebaki. Akanunua kitambaa cha kijivu, kizuri, akaanza kukata.

Hapa yafaa msomaji ajue fahari ya fundi huyu. Tepu anayo, huning'inia shingoni kutwa, lakini ni ya wageni. Mteja aliyemshonea mara mbili hampimi tena, vipimo vyake vinakaa kichwani. "Na kiuno cha mume wangu," alikuwa akijisifu, "nakijua kama njia ya chooni. Hakihitaji taa."

Jumamosi moja suruali ikawa tayari. Binti yao aliyeolewa mtaa wa jirani alikuwepo, na muuza vifungo, bila shaka, alikuwepo. Dereva akaingia nyuma ya pazia la kubadilishia. Akakaa huko muda mrefu kuliko suruali moja inavyohitaji. Alipotoka alikuwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja.

"Mbona umejishika, shemeji, tumbo linauma?" muuza vifungo akauliza.

"Nimezoea tu kusimama hivi."

"Tangu lini?" akasema binti. "Achia, baba, tuone."

Akaachia. Suruali ikashuka mpaka kwenye viatu bila kugusa popote njiani.

Binti aliegemea meza ya pasi akicheka mpaka machozi yakamtoka. "Shemeji," muuza vifungo akasema, "mkeo kakata turubali lingine." Dereva mwenyewe alicheka, amesimama na shati lake refu, akijifunika kwa mikono.

Mama Pedeli hakucheka. Alivua ile tepu shingoni, akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akampima mumewe. Alipima kiuno. Akarudia.

"Ulisema unakula," akasema.

"Nilikuwa nakula."

"Unakula nini?"

"Chakula kile kile, mama watoto. Meza ndiyo ilikuwa kubwa."

Muuza vifungo akapata ghafla kazi ya kupanga zipu zake kwa rangi. Hata hivyo anakiri kwamba hakupitwa na neno hata moja.

Mama Pedeli aliinuka, akachukua kwenye msumari gauni lake la kazi, la siku zote, lililopauka. Akaligeuza ndani nje, akamwekea mumewe mikononi. Ubavuni, kando ya mshono, kulikuwa na matundu madogo ya sindano, mistari kwa mistari, mmoja ukipakana na mwingine kama njia za tairi kwenye tope.

"Hizi ni safari zako," akamwambia. "Kila ulipoondoka nililipunguza, kila uliporudi nililiachia. Miaka yote hiyo hukuwahi kuuliza kwa nini gauni moja lina matundu mengi hivi."

Dereva akapitisha kidole kwenye ile mistari, taratibu, wa kwanza hadi wa mwisho.

"Nilidhani ndio mtindo," akasema.

Hapo ndipo Mama Pedeli alipocheka, na alipocheka akalia kidogo, na binti akatoka nje kwa kisingizio cha simu ambayo haikuwa imeita.

Suruali hiyo hakuikata. Aliipunguza kwa mishono mirefu ya kufumuka kwa urahisi, kitambaa chote kilichozidi akakikunjia ndani. Mafundi hukiita akiba, ile sehemu unayoiacha ndani ya nguo kwa sababu mwili hauna neno moja.

Jioni ile ile Dereva alikuwa jikoni akikoroga sufuria aliposikia sauti ukumbini.

"Nilisikia vile vishikizo vya chuma vinafunguka," anasimulia. "Nikapunguza moto nisikie vizuri. Kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Nikasema, alhamdulillahi, mke wangu amerudi."

Alipochungulia alikuta mifuko imeshashuka kweli. Lakini haikuwa imewekwa kabatini. Mmoja ulikuwa umelazwa juu ya turubali lililobaki, na Mama Pedeli, chaki mkononi, alikuwa anauzungushia mstari.

"Nikamwuliza, hiyo ya nani tena?" anasema Dereva. "Akasema, yako. Nikamwambia, mimi sijui baiskeli. Akasema, na mimi nilikuwa sijui."

Habari hiyo ilipomfikia muuza vifungo, mtaa ulikuwa nayo kabla chai haijapoa. Tangu hapo kila Jumapili uwanja wa shule una watazamaji. Mtu aliyepitisha lori kwenye kona za kutisha anatetemeka juu ya magurudumu mawili. Anaponyoosha mkono kuonyesha anakokata, ameshapita. Na kila akikata kona huitanua kwanza upande wa pili, kwa upana wa nyumba, kwa sababu mwili wake bado unaamini kuna tela nyuma.

"Baba watoto, huna tela," Mama Pedeli humwita akikimbia kando, ameshika kiti.

"Nyuma yangu kuna nini basi kinachovuta?"

"Mimi."

Wateja wameanza kurudi, wengine kwa kazi, wengine kwa habari. Mama Pedeli amerudi kitandani pia, ingawa anasema godoro lile bado linamwonea. Safari ijayo itakuwa ya wawili. Barabara ni zile zile, ila Dereva ataambiwa habari za milima na miguu yake mwenyewe. Tarehe haijapangwa. Kipo kipimo.

"Siku suruali ile itakapomkaa kama nilivyoikata mwanzo, kwa kiuno ninachokijua mimi, ndiyo siku ya kuondoka," anasema fundi. "Siendi popote na mtu wa kukunjwa ndani."

Basi kila Jumamosi, kama hii ya leo, Dereva husimama mbele ya cherehani na suruali yake ya kijivu. Tangu waanze, mishono imeachiwa mara mbili. Leo anatoka nyuma ya pazia akitembea kwa majivuno, mikono nyuma, kiuno kimejaa vizuri kabisa.

Mama Pedeli anamtazama, pini mdomoni.

"Acha kutunisha tumbo."

"Sijatunisha."

"Baba watoto, pumua."

Dereva anapumua. Suruali inashuka kidogo, inashikilia kwenye nyonga, inabaki hapo.

"Bado kidogo," anasema Mama Pedeli. Anatoa pini mdomoni, anaondoa miguu kwenye pedeli, anainuka. "Twende tukale."